Changu wa kuchoma na kachumbari ya embe
Dada, umeuliza changu achomweje asigande kwenye wavu, na aliwe na nini badala ya chipsi. Tatizo huwa ni kumbandika akiwa bado amelowa maji, na wavu wa baridi. Mfute kwa kitambaa, mchanje mara tatu kila upande, mpake ndimu, chumvi na kitunguu saumu. Wavu upate moto kwanza, upake mafuta kidogo, halafu mbandike samaki na usimguse mpaka aachie mwenyewe. Mkaa ufunikwe na majivu meupe. Ukiwa bado na ndimi za moto, ngozi inaungua na ndani mbichi.

Pembeni weka kachumbari: embe dodo gumugumu, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, pilipili mbuzi, ndimu. Mimi hapa Mikindani niliwahi kutumia mabibo, yale matunda ya mkorosho, badala ya embe, yakatukausha midomo wote. Embe tu, dada.