Kihisi cha gesi hakinusi ile harufu
Kaka, umeuliza kama kihisi cha gesi kinanusa kama pua. Hapana, kile kifaa cha ukutani hakisikii harufu ya yai viza tunayoisikia sisi gesi ikivuja. Gesi asilia, hata hii yetu inayochimbwa Mnazi Bay hapa Mtwara, sehemu kubwa ni methani, na methani haina harufu kabisa. Harufu huongezwa baadaye kwa kemikali yenye salfa ili pua ya mtu ishtuke. Kihisi kinaitafuta methani yenyewe. Aina ninayoifunga sana (mimi fundi umeme, niko hapa Mtwara mjini) ina waya mwembamba wa platini uliopashwa moto ndani ya kijitonge chenye kichocheo, yaani kitu kinachoirahisishia gesi kuungua. Gesi ikigusa inaungua palepale, joto linapanda, ukinzani wa umeme wa ule waya unabadilika, king'ora kinalia.

Pua ina aina zipatazo 400 za vipokezi vya harufu, ndiyo maana inatofautisha pweza mkavu na korosho zinazobanguliwa. Kihisi kimoja hakiwezi hilo. Wanaoiga pua kwelikweli hupanga vihisi vingi pamoja, kompyuta ikasoma majibu yao kwa jumla. Watafiti Persaud na Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walilionyesha hilo mwaka 1982.

Ila kihisi hakizoei gesi, na hapo kinaipita pua. Sisi tukikaa kwenye harufu dakika chache tu, hatuisikii tena.

Angalia na pa kukifunga: methani ni nyepesi kuliko hewa, kiwe karibu na dari. Kwa gesi ya mtungi ni kinyume, ile nzito, kiwe chini karibu na sakafu.