Dogo, usikatae ofa ya hospitali kwa maneno ya kocha (ukocha wa basketi vyuo vya Marekani)

Dogo, kama hiyo barua ya kuikataa kazi ya hospitali hujaituma, weka simu chini usome kwanza. Uzi wako nimeusoma kwenye daladala mpaka nikapitiliza kituo. Umemaliza uhasibu huko Ohio, ofa ya maandishi unayo mkononi, halafu kocha mkuu wa chuo chenu anakwambia "baki na mimi, karatasi tutazishughulikia msimu ukianza", na wewe unakuja kuwauliza wadau mshahara wa kocha msaidizi ni kiasi gani!

Karatasi tutazishughulikia. Na mimi niliambiwa hivyo hivyo mwaka 2018, ndiyo maana leo niko kwenye daladala.

Nilikuwa msaidizi kwenye chuo kidogo cha Divisheni ya Tatu, kiwango ambacho mchezaji hapewi ufadhili wa michezo hata wa soksi. Niliingia nikiwa mwanafunzi wa uzamili: ada nimesamehewa, kazi yangu kukata video za wapinzani, kufuta jasho sakafuni na kuagiza chakula cha timu tukiwa safarini. Burger 17, mbili bila kitunguu, mpaka leo nakumbuka ni za nani. Baadaye chuo kikaniajiri na kunifanyia H-1B, viza ya kazi ya Marekani. Hela yenyewe ilikuwa ya kununulia dawa ya mswaki, lakini iliingia kila mwezi na jina langu lilikuwa kwenye mkataba.

Sasa, huko Machi ligi zikiisha ndiyo msimu wa kutimuana. Chuo kimoja kikubwa, Divisheni ya Kwanza, yaani ngazi ya juu kabisa, kikamtimua kocha wao na kumchukua bosi wangu. Akanipigia saa nne usiku: "Funga mizigo, kiti chako kipo." Nikauliza mkataba. Akacheka, akasema sisi ni familia. Wakuu, umemwuliza mtu mkataba yeye anakujibu familia? Shika pochi yako.

Mimi sikuishika. Kesho yake asubuhi nikapeleka barua ya kuacha kazi, nimeiandika vizuri na shukrani nyingi kama natoa hotuba ya harusi. Nyumba nikaivunjia mkataba, amana ikaliwa. Kitanda na televisheni nikauza bei ya maandazi. Nikakodi lori dogo, nikaendesha siku mbili, njia nzima napanga nitakavyokaa kwenye benchi na tai.

Nafika ofisini kwao, bosi hayupo, kaenda kusajili. Ukutani kuna ubao mweupe wenye orodha ya benchi la ufundi. Juu jina lake. Chini wasaidizi watatu, na wakati ule sheria ya Divisheni ya Kwanza ilikuwa watatu, basi. Wawili ni wa kocha aliyetimuliwa, wamebakizwa kwa sababu wangeondoka na wachezaji waliowasajili. Wa tatu ametoka timu ya vijana, kaja na mtoto mrefu mno kila chuo kinamtaka. Mimi nimekuja na mfuko wa mipira. Chini kabisa ya ubao, kwa wino wa kijani, herufi mbili za jina langu na alama ya kuuliza. Alama ya kuuliza! Nimeendesha lori siku mbili kwenda kuwa alama ya kuuliza.

Aliporudi akaniambia nijitolee kwanza, nafasi ikipatikana nitaingia. Mtu mwenye H-1B ajitolee! Ile viza imefungwa kwa mwajiri, ukiacha kazi una hadi siku 60 za kupata mwingine wa kukuombea au ufungashe. Chuo kipya hakikuwa kimepeleka hata ombi moja. Nikapiga simu chuo cha zamani, nikakuta kiti changu wameshampa kijana niliyemfundisha mwenyewe kukata video, na akanipongeza kwa kazi mpya. Siku ya 57 nilikuwa kwenye ndege. Bosi alinitumia ujumbe wa "kaa imara" na picha ya misuli. Nasikia bado ana wachezaji wanaomwita baba.

Elewa inavyokuwa: kocha mkuu ana mkataba wa miaka kadhaa, na akitimuliwa mara nyingi analipwa fidia. Wasaidizi wengi mkataba wao ni wa mwaka mmoja mmoja, na bosi akianguka wanaanguka naye. Sasa kama wewe huna hata huo wa mwaka mmoja, unaanguka kutoka wapi? BARUA YA AJIRA YENYE SAINI YA CHUO, sio ya kocha, mkononi mwako, kabla hujaachia ulichonacho.

Na aliyekutolea kwenye uzi mfano wa kocha Brad Stevens asinione njiani. Ndiyo, mwaka 2000 aliacha kazi kampuni ya dawa ya Eli Lilly akaenda kujitolea kwenye timu ya chuo cha Butler, na 2010 akiwa kocha mkuu wao akafika fainali ya vyuo, wakafungwa na chuo cha Duke 61 kwa 59. Hata mimi nilisimuliwa hiyo, tena na bosi yule yule. Stevens ni mtoto wa Indiana. Mambo yangemkatikia angerudi kwao kwa gari. Wewe kwenu ni Mwanza.

Halafu hiyo ruhusa yako ya kufanya kazi baada ya masomo, OPT, inataka kazi inayoendana na ulichosomea. Umesoma uhasibu. Kocha wako amelifikiria hilo? Nenda ofisi ya wanafunzi wa kigeni hapo chuoni kesho, usiende kwake.

Uliuliza pia kama kutocheza Divisheni ya Kwanza kunakuzuia kuwa kocha: hakuzuii, hata Stevens alicheza Divisheni ya Tatu. Kufundisha timu za wanawake nenda kabisa, kocha Pat Summitt alianza na wanawake wa chuo cha Tennessee 1974 akifua jezi mwenyewe. Na hapana, Hasheem Thabeet simjui, kila nikitaja basketi ya chuo naulizwa. Swali la mshahara nimeshalisahau ulivyoliuliza.

Ofa ya hospitali inaisha tarehe ngapi? Jibu hilo tu.