Umeovakloku prosesa ikagoma? Niambie kwanza imegoma vipi

Vijana wengi wanaoniletea kompyuta hapa Kirumba, Mwanza, huanza hivi: "Shikamoo fundi. Nimejaribu kuovakloku, imegoma." Nikiuliza imegoma vipi, najibiwa, "Imegoma tu, fundi." Na hapo ndipo kazi yote ilipo. Kuovakloku ni kuipandisha prosesa, ubongo wa kompyuta, kasi kupita ya kiwandani, na prosesa iliyokosa volti haigomi kama iliyozidiwa joto, na pawa saplai iliyoelemewa nayo ina tabia yake. Ukiweza kueleza mashine iligoma ikiwa inafanya nini, baada ya muda gani, na kwenye skrini kulibaki nini, umeshapata zaidi ya nusu ya jibu. Usipoweza, utaishia kuongeza volti kwa kubahatisha, na huko ndiko prosesa nyingi nzuri zinakoishia.

Nianze na jambo fupi. Je, prosesa yako inapandishika? Kompyuta nyingi za mtumba zinazouzwa mjini zilitengenezwa kwa ajili ya maofisi. Dell OptiPlex 7010 na HP Compaq Elite 8300, kwa mfano, zina chipseti (chipu inayoongoza ubao) ya Q77, na bayosi zake (mipangilio ya ndani unayoingia kabla Windows haijawaka) hazina mahali pa kubadilishia kizidishi, ile namba inayozidishwa na masafa ya msingi ya 100 MHz kupata kasi ya prosesa. Kwa Intel za miaka ile tafuta herufi K mwishoni mwa jina, kama i5-2500K, i5-3570K au i7-4790K, tena iwe kwenye madabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ya familia ya Z, au P67 kwa i5-2500K. Kwa AMD, karibu Ryzen zote za mezani tangu 2017 ziko wazi, ila madabodi ya A320 hairuhusu. B350 na B450 zinaruhusu. Kama mashine yako haimo humu, achana na programu za kupakua zinazoahidi kuifungua. Weka SSD, ongeza RAM, na utaona mabadiliko makubwa kuliko ambayo ovakloku ingekupa.

Wenye mashine zinazofaa, tuendelee.

Kabla hujagusa namba yoyote tena, rudisha bayosi kwenye mipangilio ya kiwandani, zima na XMP ya RAM (mpangilio unaoipandisha RAM kasi), halafu ipige mashine mzigo ikiwa hivyo hivyo. Mimi natumia Prime95, programu iliyoandikwa kutafuta namba tasa kubwa za Mersenne, lakini mafundi wengi tunaijua kwa sababu inaisukuma prosesa bila huruma. Chagua Small FFTs, fungua pembeni HWiNFO, programu ya kusoma vipimo vya mashine, uone joto la kila kori (kila kiini cha hesabu ndani ya prosesa), kisha subiri nusu saa. Mashine ikizima au ikiganda katika hali hii, ovakloku haihusiki. Ulikuwa unajenga ghorofa juu ya msingi wenye nyufa. Ninasisitiza hili kwa sababu kati ya mashine zinazoletwa kwangu kwa jina la "ovakloku imegoma", nyingi hushindwa hata zikiwa kwenye kasi yake ya kawaida.

Kuna kijana wa Nyegezi anayehariri video za harusi. Alikuwa na i5-3570K kwenye madabodi ya Z77, akaiweka 4.5 GHz kwa volti 1.35 kwa sababu aliona mtu wa Ulaya amefanya hivyo ikakubali. Yake ikawa inazima katikati ya kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika. Niliirudisha kwenye kasi ya kiwandani, nikaanzisha Prime95, na kabla hata hatujamaliza kusalimiana vizuri joto lilikuwa limepita nyuzi 95. Prosesa hiyo mwisho wake ni nyuzi 105. Nikamwambia, "Mdogo wangu, tatizo si namba zako. Tufungue feni."

Feni ile ya Intel inashikwa na miguu minne ya plastiki inayosukumwa mpaka ilie "tak" kwenye madabodi. Miguu mitatu ilikuwa imeshika. Wa nne ulikuwa umeingia tundu lake bila kufunga, ukionekana mzima kabisa kwa anayetazama kutoka juu. Tulipoing'oa, pesti inayopitisha joto kutoka kwenye prosesa ilieleza kila kitu: upande mmoja wa prosesa ilikuwa imebanwa ikabaki utando mwembamba, upande wa pili imebaki tabaka nene, kavu, linalopukutika. Hitisinki, kile chuma chenye mapezi chini ya feni, ilikuwa imekaa mshazari. Tulifuta kwa spiriti, tukaweka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele, tukafunga miguu kwa mtindo wa msalaba, mmoja na wa mkabala wake. Baada ya hapo joto lilishuka mpaka kiwango cha kufanyia kazi, hata kabla hatujaingia bayosi.

Kwa hiyo ukitaka kujua kama mguu umefunga, geuza madabodi utazame nyuma. Plastiki nyeupe lazima iwe imepanuka sawa kwenye matundu yote manne. Kutikisa feni kwa mkono hakutoshi.

Joto ndilo adui mkubwa wa mtu wa Mwanza anayefuata namba za watu wa mbali, na inafaa uelewe sababu zake. Hitisinki haipozi prosesa mpaka nyuzi fulani. Inaipoza mpaka nyuzi kadhaa juu ya hewa ya chumbani. Mtu aliyekaa kwenye chumba cha nyuzi 20 akapata 75 kwenye mzigo, kwako wewe uliye kwenye chumba cha bati saa nane mchana, nyuzi 30, ile ile itakuwa 85 au zaidi. Pili, sisi tuko juu ya mita 1,130 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga au Dar es Salaam kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Feni inazunguka kasi ile ile lakini inasukuma hewa pungufu. Tatu, wale wadudu wadogo wanaopanda kutoka ziwani kama moshi na kujaa kwenye taa. Anayekaa Kirumba, Bwiru au Luchelele na kuacha dirisha wazi usiku anajua nazungumzia nini. Wakivutwa na feni wanajibana kwenye mapezi ya hitisinki, wanashikana na vumbi, na kwa unyevu wa huku wanakuwa mkeka. Brashi ya juu juu haiwatoi. Ng'oa feni, utawakuta wamejipanga chini yake.

Sasa ongeza volti juu ya hayo. Joto la prosesa linakwenda na kasi, na linakwenda na volti iliyozidishwa kwa yenyewe. Ukitoka 4.0 GHz kwa volti 1.20 ukaenda 4.5 GHz kwa 1.35, kasi imepanda asilimia 12 na nusu, lakini umeme unaogeuka joto umepanda zaidi ya asilimia 40. Video iliyokuwa inachukua saa moja kurenda itachukua kama dakika 53, na hapo mambo yote yawe yamekwenda vizuri. Dakika saba kwa bei ya asilimia 40 ya joto: kila mtu na hesabu zake, lakini lazima hesabu hiyo uifanye.

Dalili ya joto ni kwamba mashine mara nyingi haizimi. Inapunguza kasi yenyewe. Unaona umeandika 4.5 bayosi imekubali, Windows imewaka, gemu inacheza, ila hakuna kilichoongezeka, au hata imekuwa nzito zaidi. Fungua CPU-Z, programu inayoonyesha kasi ya prosesa, wakati wa mzigo utazame kizidishi: kikianguka kutoka 45 mpaka 30 na kitu huku joto liko ukingoni, prosesa inajiokoa. Hapo kuongeza volti ni kuongeza kuni motoni. Shusha volti, shusha kasi, au badilisha feni.

Kukosa volti kuna sura nyingine kabisa. Joto liko sawa, labda nyuzi 70, lakini mashine inaganda, sauti inakwama kwenye neno moja, au inatoka skrini ya bluu. Msimbo 0x124 au 0x101 kwenye prosesa iliyopandishwa mara nyingi unasema volti haitoshi kwa kasi uliyoomba. Kwenye Prime95 utaona kori moja imesimama na ujumbe wa kosa la hesabu huku nyingine zinaendelea; hiyo ndiyo kori dhaifu, na mashine nzima itakwenda kwa mwendo wake. Hapa ndipo volti inaongezwa, tena kwa vipande vya 0.01 au 0.02. Kwa 3570K na ndugu zake, kwa feni ya hewa na hali ya hewa ya huku, mimi sivuki 1.30 kwa matumizi ya kila siku. Zipo zinazovumilia zaidi. Hiyo ni mipaka yangu, na sijawahi kuona sababu ya kuivunja kwa mashine ambayo mtu anaitegemea kula.

Kumbuka pia kwamba volti uliyoandika siyo inayofika. Ukiandika 1.25, wakati wa mzigo unaweza kusoma 1.20, kwa kuwa madabodi inaiacha ishuke. Ndiyo maana mashine inakuwa nzima ukiwa unasoma barua pepe, halafu inaganda mara tu mzigo unapoanza. Sehemu inayoitwa Load-Line Calibration inarekebisha hilo. Weka kiwango cha kati. Ukiweka cha juu kabisa volti inaruka kupita uliyoomba mzigo unapoachia ghafla.

Halafu kuna ile ya kuzima pap, kama mtu kachomoa waya. Hakuna skrini ya bluu wala kuganda. Ingia Event Viewer, daftari la matukio la Windows, utafute Kernel-Power 41, ufungue maelezo yake. BugcheckCode (msimbo wa skrini ya bluu) ikiwa 0, Windows haikupata nafasi ya kuandika chochote. Ama umeme ulikatika ndani ya mashine, ama iliganda kabisa ukaizima mwenyewe kwa kitufe. Kama ilizima yenyewe, shuku pawa saplai, na usome kibandiko chake. Mbele imeandikwa 500W kwa herufi kubwa za kung'aa. Wewe tafuta mstari wa volti 12, kwa sababu prosesa na kadi ya gemu vinakula huko. Nimeshika zilizoandikwa ampea 18 kwenye mstari huo. Mara 12, unapata wati 216. Weka prosesa iliyopandishwa inayoweza kupita wati 100, weka GTX 1060 ya wati 120, na tayari umevuka kabla hujahesabu diski na feni. Hakuna namba ya bayosi itakayoponya hilo.

Na umeme wenyewe wa ukutani. Jioni watu wakirudi nyumbani unashuka, stebilaiza inalia "tak" kutafuta ngazi nyingine. Pawa saplai nzima inatakiwa kuhimili pengo la milisekunde 16 au 17 bila kuyumba. Iliyochoka haiwezi, hasa ikiwa imebeba mzigo wa ovakloku. Mtu anarudi bayosi kupunguza kasi, kumbe mashine inazima kila stebilaiza inapobadili ngazi. Kaa nayo usikilize. Sauti ya stebilaiza na kuzima vikija pamoja, umempata mchawi wako, na UPS nzuri itakusaidia kuliko bayosi.

Isipowaka kabisa, feni zinazunguka na skrini nyeusi, usiogope. Chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache kumaliza chaji, toa betri ya CR2032 dakika kadhaa, irudishe. Bayosi itasahau namba zako.

Ukiwa umeshaondoa hitilafu zote hizo, anza upya hivi. Acha masafa ya msingi kwenye 100 MHz, usiyaguse; yanavuta na vitu vingine nyuma yake. RAM ibaki kasi ya kawaida mpaka mwisho, maana RAM iliyokazwa inaganda kwa sura inayofanana kabisa na prosesa iliyokosa volti, na utapoteza siku nzima ukimfukuza mtu asiye na hatia. Panda kizidishi namba moja, pima, andika kwenye daftari kasi, volti, joto la juu na ilivyogoma kama imegoma. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ikifika mahali inadai volti nyingi kwa hatua moja ndogo, rudi hatua mbili nyuma ukae hapo. Yule kijana wa Nyegezi tulimwacha kwenye 4.2 GHz, baada ya kumshauri anunue feni ya mnara, na anafanyia kazi mpaka leo.

Kipimo cha mwisho kifanye mchana wa jua, kava likiwa limefungwa, mashine ikiwa mahali pake pa siku zote. Ikipita usiku wa manane kava likiwa wazi, bado haijapita. Ikimaliza saa kadhaa za mchana bila kosa, hifadhi namba zako kama profaili ndani ya bayosi, na zibaki pia kwenye daftari, kwa sababu betri ya CR2032 ikiisha profaili nyingine huondoka nayo.