Jongoo bahari wasio na jina: kagua kwanza chokaa ya ngozini

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa uzamili hapa Nairobi. Nina jongoo bahari watatu kutoka Msambweni, wamekaa kwenye fomalini, dawa ya kuhifadhia viumbe, miezi minane. Hawafanani na spishi yoyote niliyoisoma. Je, naweza kuwaeleza kama spishi mpya?

Jibu: Hiyo fomalini ndiyo inayonitia wasiwasi. Jongoo hutambulishwa hasa na chembe za chokaa zilizo ndani ya ngozi yake, na fomalini isiyotiwa boraksi hugeuka asidi polepole ikaziyeyusha. DNA nayo huharibika.

Kagua leo. Kata ngozi kiasi cha punje ya mchele mgongoni, tumboni na kwenye mnyiri, kila kipande na kichupa chake. Tia matone machache ya Jik. Nyama ikishayeyuka, suuza kwa maji yaliyokenekwa mara nne au tano, ukiacha chembe zitulie kabla ya kufyonza maji kwa pipeti. Usiharakishe hapa: chumvi ya Jik ikibaki hukauka ikawa fuwele, na fuwele hizo ni rahisi kudhaniwa chembe za mnyama. Tazama kwa darubini ukikuza mara 400. Utafute maumbo ya chembe: vimeza vyenye mnara, vifungo vyenye matundu, vijiti. Ukikuta kingo zimelika, usijenge jina juu ya vielelezo hivyo.

Itabidi urudi pwani, ukiwa na vibali vya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi) na KWS (shirika la wanyamapori). Chukua wadogo na wakubwa, maana chembe hubadilika kadiri mnyama anavyokua. Mpige picha akiwa hai, rula ikiwa kando, kwani rangi haitadumu. Mlegeze kwa kloridi ya magnesi ndani ya maji ya bahari hadi asijikunje ukimgusa. Ukimtumbukiza moja kwa moja kwenye ethanoli atajikunja na huenda akatapika matumbo. Kipande cha misuli kiende kwenye ethanoli ya 95%, mwili kwenye ya 70%, na uibadilishe kesho yake kwa sababu maji ya mwilini huizimua. Lebo iandikwe kwa penseli, ikae ndani ya chupa.

Tangu 2000, kanuni ya kimataifa ya majina ya wanyama inataka holotaipu, yaani kielelezo kimoja kinachobeba jina la spishi, itajwe wazi pamoja na mahali itakapohifadhiwa. Zungumza mapema na Makumbusho ya Taifa, pale Museum Hill. Jarida likiwa la mtandaoni pekee, isajili makala ZooBank, sajili rasmi ya majina ya wanyama, kabla haijatoka, na uthibitisho wa usajili uwe ndani ya makala yenyewe. Ukikosekana, jina halitambuliki.