Kasino Hupataje Faida Bila Kudanganya?

SWALI: Rafiki yangu hucheza ruleti, yaani mchezo wa kubahatisha kijumba ambamo kijimpira kitatua kwenye gurudumu linalozungushwa, naye anasisitiza kwamba kasino haimwibii mtu, kwani yeye mwenyewe ameshinda mara nyingi. Kama ni kweli, faida ya kasino hutoka wapi? Tena, rangi nyekundu ikitoka mfululizo, si zamu ya nyeusi inakuwa imekaribia?

JIBU: Rafiki yako hajakosea. Kasino haihitaji kudanganya, kwa sababu faida yake imo ndani ya malipo yenyewe. Litazame gurudumu la ruleti ya Ulaya: lina vijumba 37, yaani vyekundu 18, vyeusi 18, na kimoja cha kijani, ambacho ni sifuri. Kila kijumba kina namba yake, na anayeweka dau kwenye namba moja yoyote akashinda hurudishiwa dau lake na kulipwa mara 35 juu yake, ilhali malipo ya haki yangekuwa mara 36. Pengo hilo huiachia kasino, kwa wastani, asilimia 2.7 ya kila dau. Katika ruleti ya Marekani, yenye sifuri mbili, pengo hufika asilimia 5.26.

Wengi huziona asilimia hizi kuwa ndogo kwa kuwa husahau kwamba hukatwa kwenye kila dau, wala si kwenye fedha alizoingia nazo mtu. Mwenye 200 mfukoni anaweza kuweka dau la 10 mara 100, kwa kuwa fedha zilezile huenda na kurudi. Akifanya hivyo amepitisha mezani 1,000, na wastani wa hasara yake ni 27. Kadiri anavyokaa, ndivyo wastani unavyomfikia, na kwa sababu hiyo kasino hupenda akae.

Kuhusu zamu, hapo ndipo ninapomhofia rafiki yako. Gurudumu halina kumbukumbu. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, nyeusi ilitoka mara 26 mfululizo, huku wachezaji wakizidi kurundika fedha kwenye nyekundu wakiamini kwamba zamu yake imewadia, na wakapoteza fedha nyingi mno. Wapo pia wanaoongeza dau maradufu kila wanaposhindwa ili wafidie hasara yote kwa ushindi mmoja. Aliyeanza na 10 akashindwa mara saba amekwisha kupoteza 1,270, na dau lake linalofuata ni 1,280, ambalo huenda limevuka kikomo cha juu cha meza.