Dalali ameorodhesha vyerehani vyangu: je, anaweza kuvichukua?

SWALI: Wakili, hujambo. Mimi ni fundi cherehani hapa Nakuru. Nilichukua vitambaa kwa mkopo, biashara ikalala, na mwenye vitambaa akanishtaki. Karatasi za korti nilizipata lakini sikwenda, kwa sababu tulikuwa bado tunazungumza naye kwa simu. Alhamisi alikuja dalali na vijana wawili, akasema deni ni shilingi 180,000 pamoja na gharama zake. Akaandika orodha: cherehani ya kawaida, ovaloki, televisheni, friji, viti vya sebuleni, na pikipiki ya shemeji yangu ambayo hulala kwangu. Alitaka nitie sahihi, nikakataa. Ameniachia siku saba, halafu pembeni akaniambia nikimpa 15,000 mkononi "ataipoza" hiyo kazi. Je, anaweza kuchukua mashine zinazonipa riziki? Anaweza kuja usiku? Nitafungwa?

JIBU: Hujambo mama, na pole. Nianze na hizo 15,000: usizitoe. Pesa unayompa dalali pembeni haipunguzi deni hata shilingi moja. Hukumu haijafutwa, hati ya kukamata mali bado iko hai, na mwezi ujao anaweza kubisha hodi tena. Dalali ana malipo yake halali, na yamewekwa kwenye jedwali la Kanuni za Madalali za mwaka 1997. Kwa kawaida mdaiwa ndiye huyalipa, lakini huyalipa kwa hesabu iliyoandikwa na kwa risiti. Ukiona hesabu hiyo imefurishwa, una haki ya kuomba msajili au hakimu aipitie na kuikata.

Sasa ichukue karatasi aliyokuachia uisome. Nguvu ya dalali yote iko kwenye hati ya mahakama. Yeye mwenyewe, kwa suti yake na vijana wake, hana nguvu yoyote. Tazama nambari ya kesi, majina, kiasi, muhuri, na tarehe ambayo hati inapaswa kurudishwa kortini. Kisha nenda masijala ya mahakama iliyotoa hati, utaje nambari hiyo, uombe kuliona faili. Hakikisha pia kwamba leseni ya huyo dalali ni ya mwaka huu, kwa maana Bodi ya Leseni za Madalali hutoa leseni za mwaka mmoja mmoja. Asiye na leseni hana ruhusa ya kugusa hata kijiko chako.

Kuhusu sahihi, hapo ulijinyima nafasi. Watu wengi hudhani ukitia sahihi umekubali deni, au ukikataa umesimamisha kazi. Si hivyo. Kanuni ya 12 inamtaka dalali aandike kila kitu, hali yake na thamani yake, kisha mwenye mali au mtu mzima aliyepo atie sahihi. Ukikataa, dalali anajaza cheti kuwa umekataa na kazi inaendelea. Anayesaini kwa akili huandika maneno yake palepale: "Pikipiki si yangu. Vyerehani ni vya kazi yangu. Bei ya ovaloki si sahihi." Kwa kuwa hukufanya hivyo, mwandikie dalali barua leo useme hayohayo, nakala kwa wakili wa mdai, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Mashine zako. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai kinataja mali isiyokamatwa kwa ajili ya hukumu: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, na vifaa ambavyo mtu anavihitaji kufanya kazi yake. Fundi anayeshona mwenyewe kwa cherehani moja na ovaloki moja yuko ndani kabisa ya maneno hayo. Ungekuwa na mashine kumi na wafanyakazi wanane, ningekuambia ujiandae kwa mabishano makali, maana sheria inalinda kile unachohitaji, hailindi kila ulicho nacho. Televisheni, friji na viti sioni vya kuviokoa. Hivyo vinaweza kwenda. (Kifungu hichohicho kinamlinda mkulima kwa mifugo ya thamani ya shilingi 10,000 za kwanza. Leo hizo hazimpi hata ndama wa maana, na Bunge lilipaswa kurekebisha jambo hilo zamani.)

Ila nikuulize jambo ambalo hukulitaja: je, uliwahi kuweka mashine hizo kama dhamana ya mkopo mwingine, tuseme wa kikundi au wa kampuni ndogo ya mikopo? Kama ndiyo, huyo mkopeshaji ana njia yake chini ya sheria ya mwaka 2017 ya dhamana za mali inayohamishika, na kinga ya kifungu cha 44 haitakufaa dhidi yake. Soma mkataba wako kabla ya kutembea kifua mbele.

Pikipiki ni vita ya shemeji, na ni yeye anayepaswa kupigana. Chini ya Agizo la 22, kanuni ya 51, la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai, mtu mwingine mwenye haki juu ya mali iliyokamatwa hupeleka pingamizi kwa maandishi mahakamani na kwa pande zote, pamoja na ombi na hati ya kiapo. Mahakama inaweza kusimamisha ukamataji kwa hadi siku 14 huku ikimuuliza mdai kama bado anaing'ang'ania mali hiyo. Aambatishe cheti cha umiliki wa pikipiki (logbook) chenye jina lake. Kama pikipiki bado ina jina la aliyemuuzia, atafute mkataba wa mauzo na malipo ya M-Pesa. Na asije kuiondoa usiku! Kuficha au kuhamisha mali iliyokwisha kukamatwa kwa amri ya mahakama ni kosa la jinai, na hapo utakuwa umegeuza deni kuwa kesi ya polisi.

Usiku hawezi kuingia. Nyumba ya kuishi haiingiliwi kwa kazi hii baada ya jua kuzama wala kabla halijachomoza. Wala hawezi kubeba chochote kabla ya siku saba kwisha. Akihofia kuwa atalazimika kuvunja mlango au kutatokea fujo, kanuni ya 9 ya Kanuni za Madalali inamtaka aombe ulinzi wa polisi, na ombi hilo hupelekwa kortini. Kwa hiyo akija na askari, mwombe kwa upole akuonyeshe amri. Piga picha, andika majina na saa, usimguse mtu. Akivuka mipaka, unaweza kumlalamikia kwa Bodi na hata kumdai fidia, kwani Sheria ya Madalali ya mwaka 1996 inakuruhusu.

Lakini hayo yote ni kujikinga tu. Siku saba hizo zitumie kuifuata hukumu yenyewe. Wengine watakushauri uombe hukumu ifutwe kwa kuwa hukusikilizwa. Kwa mtu ambaye hakuletewa karatasi, ningemuunga mkono. Wewe uliletewa, na deni unalikubali, kwa hiyo sioni utetezi utakaomwonyesha hakimu. Ningekwenda na Agizo la 21, kanuni ya 12, la Kanuni hizohizo za Mwenendo wa Kesi za Madai, linaloiruhusu mahakama kuamuru ulipe kwa awamu kukiwa na sababu ya kutosha. Ombi lipelekwe kwa hati ya dharura, yaani lisikilizwe haraka, pamoja na ombi la kusimamisha mauzo na kuondoa vyerehani kwenye orodha. Onyesha mapato yako yalivyo kweli, taja kiasi unachokiweza kila mwezi, na ikiwezekana awamu ya kwanza iwe imeshalipwa. Hakimu humsikiliza tofauti mtu aliyekuja na risiti. Pesa yoyote unayomtumia mdai moja kwa moja hakikisha inaandikishwa kwenye faili. Akisitasita, wewe mwenyewe iombe mahakama iiandikishe. Nenda Jumatatu, usingoje Jumatano.

Jela: dalali hana mamlaka ya kukufunga, na akikutishia hivyo anakudanganya. Mdai anaweza kuomba ufungwe jela ya madai, lakini kwanza utaletewa ilani ya kufika mbele ya hakimu ujieleze kwa nini usifungwe, na mahakama inatafuta kujua kama una uwezo wa kulipa na umekataa tu. Mtu asiye nacho hafungwi kwa ufukara wake. Hatari ni kufanya ulivyofanya mara ya kwanza, yaani kuipokea ilani na kukaa nyumbani. Ikija, fika siku hiyo, na ubebe hesabu za duka lako.