Anti, simu ikiita tu moyo unaruka

SWALI

Shikamoo Anti. Mi ni kijana wa miaka 27, naishi Tabata, nafanya kazi kwenye ofisi moja ya klaringi hapa mjini. Jina usiliweke tafadhali maana ofisini kwetu jarida lenu linasomwa.

Kiukweli nimechoka. Mshahara wangu ukishakatwa kila kitu, NSSF, kodi ya serikali na Bodi ya Mikopo na asilimia 15 yao, unaingia laki tano na themanini. Mwaka jana mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mpigo, 480,000, na wiki hiyohiyo mama akalazwa huko Korogwe, basi nikaenda kwa dada mmoja wa mikopo ya kausha damu akanipa laki tatu, riba elfu tisini kila mwezi, na kadi yangu ya benki anayo yeye pamoja na namba ya siri. Mshahara ukiingia anatoa chake kwanza halafu kilichobaki ananirushia kwenye simu. Huu ni mwezi wa sita namlipa na deni ni laki tatu ileile. Kuziba pengo nikaanza app za mikopo, moja ikazaa nyingine, sa hivi ni tatu, nadhani jumla kama laki mbili na sitini. Rafiki yangu wa chuo ananidai laki mbili, yeye hasemi kitu na hicho ndo kinaniumiza zaidi. Kikoba cha mtaani laki moja na nusu. Nikajaribu na mikeka ya kubeti kidogo labda nitoke, wapi.

Sasa tatizo ni mwili Anti. Ikiita namba ngeni tu moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, kifua kinabana. Nazima simu mpaka jioni, bosi anagomba. Usiku nashtuka saa tisa na ndo basi tena. Duka la dawa wamenipima presha wakasema iko sawa wakanipa vidonge vya usingizi. App moja imeshamtumia meseji mjomba wangu na mteja wa ofisi eti mi tapeli. Mchumba wangu hajui lolote. Kuna siku natamani nilale nisiamke. Nifanyeje?

Kijana wa Tabata

JIBU

Marahaba mwanangu. Naanza na hayo maneno ya kulala usiamke kabla sijagusa hela, maana umeyaandika kwa kuyapitisha haraka haraka kama hayana uzito. Yana uzito. Leo hiihii usiku mwambie mtu mmoja mzima, uso kwa uso au kwa simu, awe mjomba, awe huyo rafiki wa chuo, mwambie kama ulivyoniandikia mimi, na usilale peke yako kwenye hicho chumba. Na wiki hii hii nenda hospitali, Amana iko jirani na wewe, au Mwananyamala, au Muhimbili ambako kuna idara nzima ya afya ya akili, ukifika mapokezi sema tu nataka kuonana na daktari wa afya ya akili, usizunguke kwa kusema kichwa kinauma. Ila hayo mawazo yakija kwa nguvu, yaani ukajiona unaanza kupanga namna, usingoje asubuhi, mwambie mtu akupeleke emajensi usiku huohuo. Na hivyo vidonge mpe mtu akutunzie mpaka daktari aseme, vya usingizi havinunuliwi kienyeji, vingine mwili unavizoea na kuviacha inakuwa kesi nyingine.

Sasa hela. Nimekaa na kalamu nikajumlisha ulivyoandika: 300,000 na 260,000 na 200,000 na 150,000, inakuja 910,000. Haifiki mishahara yako miwili. Sisemi ni ndogo, ila nimeona umeandika "nadhani" na "kama", maana yake hujawahi kukaa ukaijumlisha, na deni lisilo na namba ndo linalokuamsha saa tisa, kwa sababu kichwani kila usiku linakuja na ukubwa mwingine.

Kitu cha pili nilichokiona, we unamlipa anayepiga kelele. App zinapiga simu, zinatukana, kwa hiyo zinapata hela na zinapata mawazo yako yote, wakati anayekumaliza kimyakimya ni dada wa kausha damu ambaye hata kukupigia hana haja, kadi anayo. Umeshampa 540,000 kwa mkopo wa laki tatu na hujapunguza hata mia. Hiyo ni asilimia 30 kwa mwezi, wakati Benki Kuu ilishaweka ukomo kwa kampuni zenye leseni za kukopesha za daraja la pili, yaani zile zisizopokea akiba za watu, kwamba riba isizidi asilimia 3.5 kwa mwezi, na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 hairuhusu mtu kufanya biashara ya kukopesha bila leseni. Huyo dada muulize leseni uone atakavyobadilisha mada.

Cha kufanya, kabla mshahara haujaingia nenda benki uwaambie kadi huna na namba ya siri mtu mwingine anaijua, waifunge wakupe nyingine. Kuna kahela ka kadi mpya, lipa. Lakini usimkimbie huyo dada, siku hiyohiyo mfuate ukiwa na mjomba, na ikiwezekana mkakae ofisi ya serikali ya mtaa mbele ya mwenyekiti, umwambie riba basi, nimeshakupa laki tano na arobaini, hii laki tatu nakulipa laki laki kwa miezi mitatu, tuandikishane. Atafoka. Mwache afoke amalize. Wengi wao mbele ya mwenyekiti wanalegea maana wenyewe wanajua wamesimama wapi. Na kila ukilipa, lipa kwa simu ibaki meseji, asikwambie njoo na keshi.

App nazo zina ujanja wao. Kwanza acha kulipa ile ada ya kuongezewa muda, ile haipunguzi deni, inanunua wiki moja ya amani halafu unadaiwa kilekile. Pili angalia kama wana leseni, mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na app 69 za kukopesha zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali, huenda za kwako zimo. Ulichopokea utakilipa, hilo tusidanganyane, ila kumtumia mjomba wako na mteja wa ofisi meseji za kukuchafua ni kosa, tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake ipo, piga skrinishoti kila tusi ulitunze, peleka malalamiko Tume na Benki Kuu.

Ila wakati unasubiri hao wakujibu kuna dawa ya haraka zaidi. Nguvu yote ya hizo app ni kwamba watu wako hawajui. Kwa hiyo waambie wewe kwanza. Leo mwandikie bosi, mjomba, mama, viongozi wa kikoba, wateja wawili watatu ambao namba zao unazo, meseji hiihii kama ilivyo: "Habari za sa hizi. Nina deni ambalo nalilipa. Kuna namba zinaweza kukutumia ujumbe wa kunichafua, naomba usijibu na usimtumie mtu yeyote hela kwa jina langu. Samahani kwa usumbufu." Basi, usieleze historia. Najua tumbo litakukata ukibonyeza kutuma, na nusu saa ya kwanza utatamani ardhi ipasuke, halafu wataanza kujibu, na utashangaa wangapi watakwambia hata mimi zimenisumbua. Hii Dar bwana, watu wanavaa shati limenyooka asubuhi wanapanda mwendokasi na kila wa pili simu yake iko sailenti kwa sababu kama yako.

Mchumba usimtumie hiyo meseji. Kaa naye, mwonyeshe karatasi yenye hizo namba nne. Akiondoka utakuwa umejua mapema, lakini akijasikia kwa app ukiwa umemficha ndo hatakusamehe, na hapo hataongelea deni tena, ataongelea uongo.

Rafiki wa chuo mpigie, mwambie yeye atakuwa wa mwisho kwa sababu hana riba, na mpe mwezi. Kukaa kimya kwako kunamuuma kuliko laki mbili.

Hesabu yangu ya haraka: 580,000, toa 80,000 ya kodi iweke pembeni kila mwezi usije ukarudi kulekule kwa kodi ya miezi sita, toa 200,000 chakula na nauli, mama 40,000, inabaki 260,000. Laki moja kausha damu, laki na kumi app, elfu hamsini kikoba. Wakikubali kusimamisha riba, miezi mitatu hao wote umemalizana nao na wa nne unamlipa rafiki. Wakigoma, au mama akiugua tena, sema miezi saba nane. Chips na enaji za jioni utazisahau kwanza, na hizo enaji zenyewe ndo zinazidisha moyo kwenda mbio. Mikeka sitaki hata kuijadili, futa app, hakuna kidogo.

Turudi kwenye mwili, maana watu wanadhani wakilipa tu na mwili utatulia, na ndo hapo wengi wanakosea, wanasubiri deni liishe ndo waanze kujitibu. Hofu na deni ni wagonjwa wawili, kila mmoja apate dawa yake. Presha iko sawa, na moyo wako inawezekana kabisa hauna ugonjwa, daktari atahakikisha, ila mwili umejifunza kwamba mlio wa simu ni hatari, unamwaga adrenalini kama vile umekutana na nyoka chooni, ndo maana ganzi, ndo maana kifua. Na kila ukizima simu unapata nafuu ya dakika tano, halafu ubongo unaandika: kumbe kweli simu ni hatari, tumepona kwa sababu tumezima. Kesho hofu inakuja kubwa zaidi.

Kwa hiyo simu iwe wazi saa za kazi zote. Namba ngeni ikiita, vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe kwa mdomo ukihesabu mpaka saba, fanya mara kadhaa, ndo upokee, na sentensi yako ni moja tu: "Nitalipa tarehe fulani kiasi fulani, nitumie kwa meseji, asante," unakata. Usibishane. Siku za mwanzo utatetemeka, tetemeka hivyohivyo, baada ya muda mwili unachoka kuogopa kitu ambacho hakikumuua mtu.

Halafu deni lipewe saa yake. Jumamosi saa tatu asubuhi, chai pembeni, daftari, unaandika nani kalipwa nani bado, saa nne unafunga daftari unaenda kufua. Wazo la deni likija Jumanne, liambie Jumamosi. Likija saa tisa usiku, usibaki kitandani unagalagala, amka, kaa kwenye kiti bila simu mpaka usingizi urudi, saa hiyo hakuna benki iliyo wazi wala mwenyekiti wa mtaa aliye macho, hakuna chochote unachoweza kukitatua zaidi ya kujichosha. Simu ichajiwe mbali na kitanda, kengele ya kuamkia nunua saa ya mezani pale Kariakoo.

Niandikie baada ya mshahara ujao, na nikisikia bado hujaenda Amana tutagombana.

SWALI

Anti, mdogo wangu ana miaka 22, anaendesha boda ya mkataba hapa Kigamboni. Amechelewesha hesabu za mwenye pikipiki na ana mikopo ya simu, siku hizi anajifungia ndani, hali chakula, ukimuuliza anasema yuko poa. Nina akiba kidogo, nimlipie zote kimyakimya aamke asubuhi amekuta yameisha?

Dada mtu, Kigamboni

JIBU

Roho yako nzuri mwanangu ila kimyakimya hapana. Ukimlipia bila yeye kufungua mdomo, atakachojifunza ni kwamba kujifungia ndani kunafanya kazi, na mikopo ya simu mtu akilipa kwa wakati kiwango cha kukopa kinapanda, mwezi ujao anaweza kuchukua mara mbili. Muulize ukiwa umekaa, siyo umesimama mlangoni mikono kiunoni, na ukimuuliza usimalizie na kwani hela unapeleka wapi. Mle wote kwanza. Akikuonyesha simu yake, ukaona mwenyewe, basi chagua moja ulipe moja kwa moja kwa anayedai, kama ni mimi ningeanza na mwenye pikipiki maana pikipiki ikichukuliwa hata hela ya kulipia mengine hana. Kutokula na kujifungia kukizidi wiki mbili, mpeleke hospitali hata kama deni limelipwa.

SWALI

Deni nilimaliza tangu mwezi wa sita, sidaiwi hata shilingi, lakini simu ikiita bado nashtuka na jasho linanitoka. Ni kawaida au nimeharibika?

Msomaji, Mbezi

JIBU

Hujaharibika. Taarifa ya kwamba deni limeisha imefika kichwani, mwilini bado. Badilisha mlio wa simu, weka ambao hujawahi kuutumia, halafu mwombe rafiki akupigie kwa namba tofauti tofauti mara kadhaa kwa siku mpige stori za kawaida. Kama mpaka mwezi ujao bado jasho linakutoka, muone daktari wa afya ya akili, yapo mazungumzo ya tiba yanayolenga hofu za namna hiyo na si lazima upewe dawa.